Hesabu ya Mifuko Arobaini

Swabra anasoma kwa sauti, kajikunja juu ya daka,
kitabu kimevikwa gazeti la mwaka jana:
"Kazi ni kani mara umbali,
umbali wa upande ule ule wa kani."
Mimi najikanda kigimbi kwa mafuta ya simsim.
Nikamwambia: nipigie basi hesabu yangu ya leo.

Leo punda wa Lali wanauguza migongo,
kwa hiyo punda nilikuwa mimi.
Mifuko arobaini ya saruji, kilo hamsini kila mmoja,
toka gatini, vichochoro vya Langoni,
hadi Mkomani, kwenye ghorofa ya Bwana Shekuwe
anayetaka chumba kingine cha wageni darini.

Akalamba ncha ya penseli.
"Toka gatini hadi mlangoni, njia ni tambarare?"
Tambarare, ukiondoa mtaro.
"Basi hapo kazi yako ni sifuri."

Sifuri!
"Usinikasirikie mimi, Baba. Bega lasukuma juu,
mfuko waenda mbele.
Juu na mbele hawadaiani."

Na nilipobanwa ukutani dakika kumi
nikiwapisha watu wa harusi na masanduku yao,
mfuko umenikalia shingoni?
"Sifuri. Hukusogea."
Na jasho?
"Jasho tutalifikia."

Tukapanda ngazi, kwenye karatasi.
Mita tisa toka kizingitini hadi darini.
Nyutoni mia tano mara tisa:
jouli elfu nne na mia tano, mfuko mmoja.
Nikavuta pumzi, angalau ngazi ina haki.
Ndipo akashika kichwa: "Nimesahau kukupandisha wewe!"
Kilo sitini, na mita ni zile zile tisa:
elfu tano na mia nne.
Kumbe miaka yote hii nabeba mizigo miwili,
na ule mzito zaidi
hakuna aliyewahi kunilipa.

Sasa mifuko iko darini, imepangwa.
Swabra asema haikulala bure:
kazi yangu imo ndani yake, imetulia,
nishati tuli,
na mmoja ukiteleza ukingoni
utairudisha yote barazani kwa kishindo kimoja.
Nikawaza: ndiyo akiba pekee niliyonayo,
na iko juu ya nyumba ya mtu.

Kesho kutwa Shekuwe analeta winchi ya umeme.
Nilitaka kujua itanizidi kwa kiasi gani.
Kazi haizidi, akasema, mfuko ni ule ule, dari ni ile ile.
Kinachozidi ni uwezo: kazi gawanya kwa muda.
Winchi, nusu dakika kwa mfuko: wati mia na hamsini.
Mimi, saa moja asubuhi hadi saa tano:
wati kumi na mbili na nusu.
Akainua macho kwenye balbu ya ukumbini,
akayateremsha haraka.
Nilikwishaona.

"Lile jasho sasa," akasema, kama anayelipa deni.
Akanilaza kiganja nyuma ya shingo.
"Mikate ya mofa ya alfajiri, maharagwe, chai,
sehemu ndogo imepanda darini.
Iliyobaki iko hapa. Joto. Nishati haipotei, Baba,
inahama tu."
Kiganja chake kilikuwa baridi kama mtungi.

Nikamuuliza la mwisho, taratibu,
maana mama yake alikuwa akisikiliza jikoni.
Ule usiku wa degedege, una miaka miwili,
nilikubeba toka hapa hadi hospitali ya ngome,
nakimbia, njia yote tambarare,
kilo kumi na moja, hukulia hata mara moja.
Na ile nayo ni sifuri?

Alama ya kuzidisha ikaanza, ikakatizwa.
Akaandika kitu, akakifuta,
akapuliza vumbi la kifutio,
akaandika tena,
na karatasi akaigeuza upande wa pili.